Doa jeupe la Mars lilivyonipeleka Sharpstown kuomba radhi

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hii siyo chai. Ingekuwa chai ningejipangia sehemu nzuri zaidi, maana humu ndani aliyekosea ni mimi.

Mimi ni Mbongo, niko Fort Worth, napiga X-ray hospitali. Hiyo ndiyo inalipa bills, ila ugonjwa wangu ni sayari ya Mars.

Kuna rover kule, kigari cha utafiti kisicho na dereva, inatembea na kupiga picha, na wenye mitambo yao wanazimwaga mtandaoni mbichi kabisa, bure. Tuko kama watu thelathini, Wabongo, Wakenya na Wakongo, kuanzia Dallas mpaka Houston, na tuna group la kuzijadili. Wenzetu wanabishana mpira, sisi tunabishana mawe.

Mle ndani kuna baba mmoja Mkongo, tunamwita Papa Furaha. Anakaa Sharpstown, Houston, anaendesha forklift ya kupangia mizigo warehouse. Maneno yake machache. Mimi alikuwa ananiita Docteur.

Sijawahi kuwa daktari hata siku moja. Ila sikumrekebisha, lile jina lilikuwa linanikaa vizuri.

Basi tukapanga Jumamosi moja tukutane ukumbi wa kanisa Houston, tuwaoneshe watoto wetu picha za ile rover na jinsi vyombo vyake vinavyofanya kazi. Papa Furaha akapewa dakika kumi aelezee kamera. Akatuma voice note kushukuru. Akasema binti yake Furaha ana miaka kumi na miwili na hajawahi kumsikia baba yake akiongea mbele za watu. Shuleni kwenye vikao vya wazazi, mtoto ndiye anamtafsiria. Safari hii anataka amsikie.

Wiki ile ile nikaiona picha. Kilima, vumbi, na juu ya kilima doa jeupe linawaka kama mtu kawasha tochi.

Wakuu, nilichanganyikiwa. Nikaandika uzi mrefu kwenye group, labda ni mwamba unaometa, labda barafu, labda kitu ambacho hakuna binadamu amekiona kabla yetu. Watu wakanipa maua. Mchana huo huo nikaenda ku-print hiyo picha, bango kubwa la kuning'iniza ukumbini.

Halafu Papa Furaha akaandika, "Docteur, kwa jicho ya kuume ile taa haiko. Nimeangalia mara tatu."

Hapa niwaeleweshe msiofuatilia. Juu ya nguzo ya rover kuna kamera mbili zimekaa kama macho, kushoto na kulia, zinapiga sehemu moja kwa pamoja. Mimi nilikuwa nimefungua ya kushoto peke yake.

Badala ya kwenda kuangalia, nikamjibu mbele ya watu wote: "Papa, mambo ya sensor yanataka shule kidogo. Tuachie wenyewe."

Akajibu, "Merci, Docteur." Aka-left.

Admin wetu, dada mmoja Mkenya wa Mansfield, akanifuata inbox: "Aki si ungecheki tu kwanza?" Nikamwambia anakuza mambo.

Kesho yake niko kazini, namweka mzee mmoja kwenye mashine. Nimempiga kifua kwa mbele, sasa namwambia ageuke ubavu. Akaniuliza kwa nini tunarudia, si ameshapigwa? Nikamjibu kama ninavyowajibu wote kila siku, kwamba picha ya upande mmoja inaweza kudanganya.

Nikakisikia mwenyewe nilichosema. Nilikamilisha kazi ya yule mzee nikiwa natamani sakafu ifunguke.

Lunch nikafungua picha ya jicho la kulia. Kilima kipo, vumbi lipo, doa hakuna. Ni chembe tu kutoka anga za mbali iligonga sensor ya kushoto ikaacha alama. Kitu cha kawaida kabisa, wala hakihitaji shule.

Nikampigia Papa Furaha. Hapokei. Nikapiga siku tatu. Admin akaniambia ameomba jina lake litolewe kwenye ratiba. Hapo ndipo iliponiuma. Doa langu lingesahaulika, ila yule binti angekaa ukumbini na asimsikie baba yake, na sababu ni mimi.

Jumamosi yenyewe alfajiri nikaweka bango kwenye gari nikashika I-45 mpaka kwake Sharpstown. Masaa manne, hakuna muziki.

Mama Furaha ndiye alifungua mlango. Nikaanza kujieleza pale pale, akanikatisha, "Kula kwanza." Kwao huongei shauri na mgeni mwenye njaa. Nikala fufu na sombe, kisamvu chao, saa nne asubuhi, Papa Furaha kakaa mbele yangu, Furaha yuko na simu yake pembeni.

Nilipomaliza nikasema, "Papa, nilikudharau mbele za watu. Naomba radhi mbele ya mama na mtoto." Nikarekodi voice note hapo hapo, nikasema yote, nikaituma kwenye group. Mwishoni nikaongeza kwamba mimi si daktari.

Papa Furaha akasema, "Nilijua. Docteur gani anapata time ya kuangalia mawe kila siku?"

Mama akacheka mpaka akaweka sahani chini.

Nikamuuliza alijuaje lile doa ni uongo. Akasema kazini siku moja camera ilionesha yeye ndiye kapasua mzigo, karibu wamfukuze, mpaka ikaangaliwa camera ya upande wa pili. Tangu siku ile haamini upande mmoja.

Akaenda kuvaa suti.

Njiani tuka-print picha ya jicho la kulia, tukaitundika kando ya bango langu. Papa Furaha akawaambia watoto watafute tofauti, kisha akaeleza yale macho mawili. Dakika kumi zikawa arobaini. Mtoto mmoja akauliza, "So there's nothing there?"

Akamjibu, "Pale haiko kitu. Sasa tunajua, tutatafuta fasi ingine."

Furaha alikuwa kakaa mbele yangu. Simu ilikuwa mfukoni. Akamgeukia mwenzake akamwambia taratibu, "That's my dad."

Nililia wakuu, sitaficha.

Siku hizi Papa Furaha karudi kwenye group, na hakuna picha inayotamba mpaka aseme ameona ya kuume. Mimi ananiita kwa jina langu.

Nilichojifunza: anayekuuliza kama umeangalia upande wa pili, nenda kaangalie kwanza, shule yake utaiuliza baadaye. Kama kuna mtu ulimnyamazisha naye alikuwa sahihi, mpigie leo, asipopokea mfuate. Halafu njoo hapa utuambie alikupokeaje.