Karai la Mama wa Mandazi

Kazi yangu ya kwanza maishani ilikuwa kuomba chumvi. Si kuuza, si kugawa. Kuomba. Nilikuwa nimemaliza kozi ya maendeleo ya jamii, nina cheti na sketi mbili nzuri, na kanisa letu la Kitale likanituma Kipsongo, mtaa wa mabanda hapo hapo mjini, nijiunge na huduma ya ujirani. Iliongozwa na mzee mmoja kutoka Bungoma, mwalimu mstaafu, pamoja na mke wake aliyekuwa muuguzi. Ilikuwa mwaka ule ambao masomo ya shule ya msingi yalifanywa bure, na kila mtu alikuwa na matumaini ya kupita kiasi, mimi nikiwa mstari wa mbele. Nilidhani nitapewa ofisi. Mwalimu alinionyesha chumba cha udongo cha kupanga, si mbali na chake, akaniambia kwamba kwa miezi mitatu nisimpe mtu yeyote chochote.

"Utaomba," akasema. "Chumvi, kiberiti, sindano. Kila siku kitu kimoja kwa jirani mmoja. Ukipewa unashukuru, unatumia, unarudisha."

Nilifikiri ananitania. Mimi nimezaliwa katika familia ya wakulima waliohamia Trans-Nzoia kutoka Mkoa wa Kati, na kwa mama yangu kuomba chumvi kwa jirani ilikuwa aibu iliyokaribiana na wizi. Kwetu chumvi ikiisha tulikula bila chumvi, na hakuna aliyethubutu kusema chakula hakina ladha.

Lakini Mwalimu alikuwa na sababu zake, na alizipata kwa kuumia. Mwaka wao wa kwanza hapo mtaani, yeye na mke wake waligawa blanketi kutoka kanisani. Watu walipokea kwa adabu. Tangu siku hiyo, kila walipobisha hodi, mwenye nyumba aliwatazama mikono kwanza kabla ya kuwatazama uso. Hakuna aliyewaambia habari zake za kweli. Mpaka siku moja mvua ilizima jiko la yule muuguzi, akaenda kuomba moto kwa jirani, na jirani akamkalisha, akamsimulia maisha yake yote. Ndipo wakaamua kwamba kila anayejiunga na huduma aanze kwa kuomba.

Nawastahi wale watu wawili mpaka leo. Walikuwa na nyumba nzuri ya matofali Bungoma, yenye miparachichi na vyumba vya wageni, wakaiachia watoto wao na kuja kupanga foleni ya maji Kipsongo wakiwa na mvi. Hawakuweka kibao cha huduma mlangoni. Mwalimu alisema kibao kinafanya watu wavae vizuri kabla ya kuja. Mke wake alizalisha, alifunga vidonda, aligombana na wanaume walevi kwa sauti ambayo wodi nzima ingenyamaza. Yeye ndiye aliyekuwa na maneno. Mzee alikuwa na kimya, na kimya chake kilinitisha zaidi.

Kila Jumatano sisi watano tuliokuwa wapya tulikutana chumbani kwao, na kila mmoja alisimulia alichoomba wiki hiyo na alichojifunza. Hapo ndipo shetani alinipata. Sikuwa na shida tena ya kuomba. Sasa nilitaka kuomba kuliko wengine. Mwenzangu mmoja alikuwa ameazima jembe, mwingine kiti cha mtoto, na mimi bado nasimulia sindano. Nikasema wiki hii lazima nipate kitu kizito.

Jirani yangu wa mlango wa tatu alikuwa mama wa mandazi. Alitoka upande wa Suam, mpakani na Uganda, alikuwa mrefu, mpole, na watoto watatu, hana mume. Kila asubuhi kabla ya jua alikaa kwenye makutano ambapo vibarua walisubiri lori za kuwapeleka mashambani, akawakaangia mandazi na kuwapa strungi, chai isiyo na maziwa. Alikuwa amekaa mahali pale miaka sita. Vibarua hawakumtafuta, macho yao yalikuwa yamezoea kumwona hapo.

Alhamisi mchana nilikwenda kwake nikamwomba karai. Nilimwambia nataka kuoshea mboga. Alinitazama kidogo, akalitazama karai lililokuwa limeinamishwa ukutani, jeusi kwa moshi.

"Utarudisha jioni?" akauliza.

"Jioni, mama."

"Sawa, msichana wangu. Mtu wa kanisa nitamnyima aje?"

Nilipaswa kulisikia hilo neno. Sikulisikia. Nilibeba karai kama kombe la mpira, nikaliweka chini ya kitanda, na mboga sikuosha hata jani moja. Saa tisa Mwalimu akatuma ujumbe kwamba gari la kwenda Bungoma, kwenye semina ya kanisa ya siku tatu, linaondoka sasa hivi badala ya kesho. Nikakusanya nguo, nikafunga mlango kwa kufuli, nikaondoka na ufunguo.

Naandika haya na uso umeniwaka. Jumamosi, mbele ya kanisa lililojaa wakulima, wafanyabiashara na wafanyakazi wa serikali wa Bungoma, kila mmoja wetu aliitwa atoe ushuhuda. Nikasimama na sketi yangu nzuri nikaeleza jinsi mama mmoja maskini alivyoniamini akanipa karai lake, na jinsi ambavyo kwa kumwomba nilikuwa nimemrudishia heshima yake. Nilitumia neno hilo, heshima. Watu walipiga makofi. Mama mmoja aliyekaa mbele alifuta machozi kwa kitambaa. Nilirudi kuketi nikijiona mtumishi.

Tulifika Kitale Jumapili jioni, jua likiwa bado halijazama. Mama wa mandazi alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wangu, mikono magotini.

"Si ulisema jioni?" akauliza. Hakuwa amekasirika. Afadhali angekasirika.

Nikafungua kufuli, nikatoa karai. Alilipangusa vumbi kwa kanga yake, akasema asante. Kisha nikamuuliza, kwa sababu niliogopa kutouliza, kama lilimkosesha kazi. Akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mtoto. Ijumaa alijaribu kukaanga kwa sufuria ndogo ya kuazima. Mandazi yakaungua nje, ndani unga mbichi, na vibarua wakamrudishia. Majirani walimwambia avunje kufuli langu. Karai lenyewe alikuwa analiona kupitia ufa wa dirisha, lipo pale chini ya kitanda. Akakataa, ati mlango wa watu wa Mungu hauvunjwi. Jumamosi akakaa nyumbani, na mwanamke mwingine akaweka jiko lake kwenye makutano.

"Mahali pangu pameenda," akasema. "Nikikosa wateja wiki mbili hivi, itabidi nirudi kwa shemeji yangu huko Suam." Aliposema shemeji alishusha macho, na binti yake mkubwa aliyekuwa amesimama kando akaingia ndani ya nyumba yao. Sikuhitaji kuambiwa zaidi.

Nilitaka kumlipa hasara yake hapo hapo. Akatikisa kichwa. Pesa, alisema, italiwa kesho. Yeye anataka mahali.

Nikakimbia kwa Mwalimu. Nilikuwa nimepanga maneno njiani: aende kwa naibu wa chifu, amwondoe yule mwanamke, yeye ni mzee anaheshimiwa. Nilimkuta anavua viatu vya safari. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kiatu kimoja. Mke wake alikuwa ameacha kupanga vyombo.

"Hiyo sheria ya kuomba ni yangu," akasema hatimaye. "Niliwaambia waombe. Sikuwaambia wasiombe kitu kinachomlisha mtu. Nilidhani inajulikana."

"Haikujulikana," mke wake akasema. "Mtu akiombwa na sisi hawezi kukataa. Huko nako si kuomba, baba. Ni kuchukua."

Sikuwa nimewahi kumwona mwanamume wa umri ule, tena aliyekuwa mwalimu mkuu, akikubali kosa bila kulizungusha. Aliitikia kwa kichwa mara mbili, akavaa kile kiatu tena. Akaenda kwa mama wa mandazi, akamwomba msamaha kwa niaba ya huduma nzima, akiwa amesimama mlangoni kofia mkononi. Kisha akanigeukia na kuniambia kwamba kesho alfajiri nitakwenda makutano niseme mwenyewe nilichofanya, na yeye atanisindikiza.

Nikasema. Vibarua kama thelathini, vikombe mkononi, na mimi katikati nikieleza kwamba mama hakuwaacha, ni mimi niliyefungia karai lake nikaenda Bungoma. Mmoja akauliza kwa sauti, "Kwani huko Bungoma hakuna makarai, bana?" Wakacheka. Nilistahili. Mama wa mandazi alisimama kando na jiko lake, akingoja.

Yule mwanamke mpya alikuwa kijana kuliko mimi, na mtoto mgongoni. Hakuinua macho kutoka kwenye mafuta. "Pole kwa huyo mama," akasema. "Lakini na mimi niende wapi?"

Nikamtazama Mwalimu. Hakuna kozi niliyofanya iliyokuwa na ukurasa wa hilo. Niliona wazi kwamba kosa langu lilikuwa limewaweka wanawake wawili mahali pa mtu mmoja, na kwamba nikimwondoa huyu nitakuwa nimefanya lile lile mara ya pili.

Mama wa mandazi akasogea karibu, akamtazama yule mtoto.

"Ako na meno ngapi?"

"Mbili."

Akainua jiko lake. "Kaa tu," akamwambia. "Mimi nitajaribu pale kwa mbao."

Nilikasirika sana, kwa sababu nilitaka apigane. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili na sikujua bado kutofautisha upole na kushindwa. Yeye alijua alichokuwa akifanya na gharama yake, na alikifanya bila kunigeukia kuona kama nimeguswa.

Pale kwa mbao ni lango la kiwanda cha kupasua mbao, chini kidogo barabarani. Siku ya kwanza tulinunua sisi watatu tu: Mwalimu, mke wake na mimi. Vumbi la mbao liliruka likatua kwenye unga, kwenye chai, kwenye kope. Nilikuwa nimeomba ruhusa nimsaidie kila asubuhi mpaka apate wateja, na nilikuwa msaidizi mbaya. Mandazi niliyoyakata yalikuwa na pembe kila upande. Mwalimu alikuwa na vidonda vya tumbo, na mafuta alikuwa amekatazwa kabisa, lakini alikula mandazi mawili kila siku akiwa amesimama, uso umekunjamana, halafu akasema ni matamu.

Wiki ya pili ilikaribia kwisha na mama akaanza kukunja nguo za watoto. Niliziona kwenye kamba, kisha nikaziona ndani ya gunia. Nikalala vibaya, nikamwomba Mungu kwa hasira.

Mwalimu hakuomba kwa hasira. Alivuka lango, akaongea na wapasuaji mbao, akawaomba mabaki ya mbao ya kujengea kizuizi cha vumbi. Wakampa. Akapiga misumari mwenyewe, vibaya, kizuizi kikainama upande mmoja. Kesho yake wawili kati ya wale waliotoa mbao wakatoka nje kuangalia mzee amezifanya nini mbao zao. Wakacheka, wakang'oa misumari, wakakisimamisha upya. Walipomaliza walikuwa na njaa. Siku iliyofuata walikuja na wenzao. Vumbi halikuingia tena kwenye unga, na madereva wa lori za mbao, ambao hawajui makutano wala desturi zake, wakaanza kusimama.

Yale mavazi sikuyaona tena ndani ya gunia. Yalirudi kwenye kamba.

Wiki ya nne, asubuhi moja, nilikuwa nimeinama mbele ya jiko napuliza moto, nikasikia mkono begani.

"Msichana wangu, toka hapo," mama akasema. "Unaziba watu."

Nikageuka. Kulikuwa na wanaume tisa au kumi nyuma yangu, wamejipanga, wananingoja niondoke. Nikasimama, nikapangusa unga mikononi, nikasubiri anipe kazi nyingine. Hakunipa. Alikuwa amenipa mgongo, anamfungia dereva mandazi kwenye kipande cha gazeti, anacheka naye kwa jambo alilosema. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka.

Mwalimu alikuwa mwisho wa foleni. "Umefukuzwa?" akaniuliza.

"Nimefukuzwa."

"Mungu asifiwe," akasema, na akasogea hatua moja mbele.

Kesho yake niliamka saa kumi na moja alfajiri kama nilivyozoea, nikavaa viatu, nikafika mlangoni ndipo nikakumbuka kwamba hanihitaji. Nikarudi nikaketi kitandani na viatu vyangu miguuni. Nilimshukuru Mungu kwa moyo wote, na iliniuma.