Masika ya Mafuta Ghali

Mwaka ule wa vita, mvua ya masika iliikuta nyumba ya Kokushubira, pale Bugene, ikiwa na kichanga asiyetimiza miezi. Binti yake, Kemilembe, alikuwa amejifungua kabla ya wakati, na mtoto alikuwa mwepesi kama kifaranga kilicholoa. Wazee walisema dawa yake ni joto tu, usiku na mchana.

Lakini kuni zote zilikuwa zimelowa. Ukiziwasha, moshi ulitanda nyumba nzima, na kichanga akakohoa hadi midomo ikabadilika rangi. Likabaki jiko la mafuta ya taa ambalo marehemu mume wa Kokushubira, Ndyamukama, alilinunua Bukoba enzi za uhai wake. Kiangazi, chupa ya mafuta ilikuwa senti thelathini. Sasa barabara ilikuwa imekatika.

"Shikamoo mama," alisema Placidius, mwenye duka, huku akikwepa macho yake. "Leo ni senti themanini."

"Juzi si ulisema hamsini, mwanangu?"

"Juzi malori yalikuwa yanapita, mama."

Kokushubira akasikia kwamba kijijini Nyaishozi wanauza sitini. Akatoka alfajiri kwa miguu, akirudia hesabu ile ile kichwani: akiokoa senti ishirini kila chupa, huenda pesa zikamfikisha mwisho wa mvua. Alirudi jioni, matope hadi magotini. Alipoyamimina yale mafuta katika chupa ya Placidius, yakaishia mabegani. Kipimo cha Nyaishozi kilikuwa kidogo. Bei ilikuwa karibu ile ile. Akaketi chini, akalia bila sauti ili mwanawe asisikie.

Mafuta yalipokwisha, mvua haikuwa imekwisha.

"Mama, amepoa," Kemilembe akasema. "Miguu yake imepoa!"

Kokushubira akatazama huku na huku kama mtu anayetafuta njia ya kutokea. Kirago kikavu kilikwisha kuliwa na moto, na mbao za kitanda pia. Chini ya upenu kulikuwa na mtumbwi wa kukamulia ndizi za rubisi, pombe ya ndizi, gogo zima lililochongwa na Ndyamukama kwa mikono yake. Kwa pombe ya mtumbwi huo mjane alipata chumvi, nguo na kodi. Ulikuwa mkavu mpaka kiini.

Akachukua shoka.

Shemeji yake, Byarugaba, alisikia mapigo akaja mbio mvuani. "Shemeji, una wazimu? Huo ni wa ukoo! Utakula nini kesho?"

"Nishike mikono, shemeji, kisha uingie ndani umwambie Kemilembe mtoto wake afe."

Byarugaba hakumshika. Wala hakumsaidia. Akaondoka bila kuaga.

Vipande viliwaka safi, bila moshi. Kokushubira alivitia motoni kimoja kimoja, akimwomba marehemu msamaha kwa Kinyambo, lugha ya kwao, hadi gogo lote likaisha na jua likatoka.

Mtoto aliishi. Wakamwita Evangelina. Lakini msimu wa rubisi ulipofika, wenzake Kokushubira walikamua ndizi huku yeye akipalilia maharage ya watu kwa ujira wa mkungu mmoja. Byarugaba alipita njia nyingine ili asikutane naye. Jioni moja Kemilembe alimfuata shambani na mtoto, akamwambia, "Mama, tumekumaliza." Kokushubira alimpokea mjukuu, akamfunga mgongoni, akarudi kwenye mstari wake wa palizi.