Kadi ya Benki ya Mwalimu Rehema

Siku yangu ya kwanza kama afisa mikopo wa chama cha akiba na mikopo cha watumishi, pale Ihumwa, Meneja alinikabidhi kikokotoo na onyo moja: "Theluthi ya mshahara haiguswi. Mtumishi asiyebakiwa na theluthi atakula nini?" Nikamwona mtu mwema. Nilikuwa mjinga.

Nyie vijana, barua ya ajira haijakauka wino mnakimbilia mkopo. Mwalimu Rehema, mzaliwa wa kijiji cha Zuzu, alikopa ili avunje tembe la wazazi wake awajengee nyumba ya bati. Simlaumu, kwetu mtoto mwenye ajira asiyewaezekea wazazi husemwa vibaya. Makato yakaula mshahara mpaka ikabaki theluthi tu. Mama yake alipougua, akarudi kwangu.

"Mzee, hata laki mbili tu."

"Haiwezekani, binti yangu. Umefika mwisho."

Meneja akatoka ofisini kwake, akampa pole, akamwelekeza kwa mkopeshaji mmoja nyuma ya stendi. Biashara ile ilikuwa ya mke wa Meneja. Kule hakuna cha theluthi: unaacha kadi ya benki na namba ya siri, na kila mwisho wa mwezi wanautoa mshahara wenyewe, wanakurushia kilichobaki. Watu wanauita mkopo huo kausha damu, na hawajakosea.

Miaka miwili nilimwona Rehema akihangaika kutafuta nauli ya kumpeleka mama yake kliniki. Dawa ya deni lile niliijua. Angekwenda benki, akaifunga kadi ile, akapewa nyingine, kisha deni akalilipa kwa makubaliano ya maandishi, kidogo kidogo. Sikumwambia. Nilikuwa nakaribia kustaafu, na karatasi zangu za kiinua mgongo zilisubiri sahihi ya Meneja. Niliuza ulimi wangu kwa hiari yangu, na mpaka leo najichukia kwa hilo.

Kiinua mgongo kilipoingia, miezi mitano baada ya kustaafu, nikaenda Zuzu kumweleza. Nilimkuta uani akisahihisha madaftari, akaniamkia, nikamwambia aende benki akaifunge ile kadi.

"Mzee, mbona kadi nilishabadilisha? Yule dada aliyechukua nafasi yako aliniambia wiki yake ya kwanza tu." Akanisogezea kiti, akanitazama kwa huruma. "Kumbe miaka yote ile na wewe ulikuwa hujui?"

Nikamjibu kwamba sikujua.