Dakika Nilizomkata Musyoka

Moyo bado unakataa, na sijui utakubali lini. Musyoka, mwalimu wetu wa web development aliyekuwa anafundisha live kutoka kwao Tawa, alituacha Jumanne ya wiki iliyopita. Homa ya mapafu, siku tatu tu.

Wengi mnanijua kama Mwende wa admin. Yeye alikuwa anafundisha, mimi nikiwa hapa Matinyani najibu chat, kisha nakata recording ziwe kozi.

Nimechoka, jamani. Inbox haishi. Kuna mmoja ameniuliza, "Admin, class ya Thursday bado iko?" Nikamjibu hapana, nikazima simu.

Mnakumbuka vile hakuwa anaanza kabla Halima aingie? Halima yuko Tseikuru, na network ya huko huja ikipenda.

"Tungojee wa Tseikuru," alikuwa akisema. "Hauwezi funga mlango na mtu ako njiani."

Basi tunangoja. Dakika kumi, siku zingine ishirini. Anapiga story, anakunywa chai, anafukuza kuku wa mama yake aliyeingia chumbani.

Mimi nilikuwa nakasirika! Siku moja nikamwandikia kwa chat, "Boss, watu wanatoka." Akaisoma kwa sauti mbele ya darasa lote, akicheka. Woi, aibu niliyoipata!

Kwa hivyo kwenye kozi, hizo dakika nilizikata zote. Akikosea code na kujikuna kichwa, nakata. Akikohoa, nakata. Nilitaka ionekane professional. Raw files, zile recording nzima kabla sijazikata, nazo nikafuta, maana laptop ilikuwa imejaa.

Juzi nilienda Tawa kuwapa pole. Nikamwekea mama yake lesson ya kwanza. Alisikiliza kidogo, akanishika mkono.

"Mwende, hii ya kompyuta mimi siielewi. Niwekee pale anaongea tu."

Nilitafuta akiwa ameketi hapo kando yangu, lesson moja baada ya nyingine. Masaa mengi ya mtoto wake, na hakuna mahali anaongea tu. Nilimwambia nitatafuta nikifika nyumbani, na nikalia njia nzima.

Jana nimepata moja. Ile live yake ya mwisho, sikuwa nimeigusa.

Anamngoja Halima dakika kumi na nne, na anakohoa sana. Mlango unafunguka, anageuka. "Mwaitu, hiyo chai weka hapa. Na wewe umekunywa?" Sauti ya mama yake inajibu kwamba ameshakunywa.

Rafiki mmoja alinishauri nitoe kikohozi kwanza. Sikutoa kitu. Nimemtumia mama yake vile ilivyo, na kozi itafungwa nayo vile ilivyo.

Mama ameisikiliza mara tatu, kisha akanipigia simu. Hakuniuliza habari ya kompyuta. Aliuliza, "Huyo Halima anakuja mazishi?"

Nikamwambia anakuja, lakini Tseikuru ni mbali na barabara ni mbaya.

Musyoka, nisamehe. Nilidhani zile dakika ni za kupoteza wakati.

Jumamosi tunakusindikiza. Mama yako ameshamwambia pastor kwamba ibada haianzi kabla Halima afike, na pastor amekubali.

Ni muvea, asante sana, mwalimu. Pumzika sasa. Wa Tseikuru tutamngoja sisi.