Taa ya Njano Haikuwaka

Mimi nina mdomo. Nalisema mapema ili msomaji asije akanionea huruma bure. Nilizaliwa kwenye kambi ya wakata miwa, chini ya mji wa Moshi, baba na mama wakiwa wametoka mikoa ya mbali kufuata kazi, na pale kambini mtoto asiyejua kujitetea kwa maneno alionewa na kila mtu. Baadaye nikasomea umeme, nikawa fundi wa kike. Wanaume waliniletea mashine zao huku wakinitazama kwa wasiwasi, nami nikawajibu kwa ukali hata kabla hawajauliza kitu.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Biashara ilishafunguliwa, na kila kitu kilikuwa kinaingia kutoka Dubai kikiwa kimeshatumika. Baada ya friji na pasi zikaja printa kubwa za mabango, ndefu kuliko kitanda cha watu wawili. Jamani, watu walizipenda! Harusi ikataka bango, kipaimara kikataka bango, hata muuza vifaranga akataka bango lenye picha ya jogoo. Lakini mashine zenyewe zilifika bila kitabu cha maelezo, na zikiharibika hazikusema neno lolote. Fundi alitegemea kusoma taa.

Taa zilikuwa tatu. Kijani ilikuwa ya umeme, njano ya karatasi, nyekundu ya wino. Zilivyowaka na kuzima ndivyo mashine ilivyoeleza ugonjwa wake, na mimi niliandika kila nilichogundua kwenye daftari la shule. Nyekundu ikikonyeza peke yake, basi tatizo ni wino mbaya, au kichwa cha kuchapia kimeungua. Nyekundu na njano zikikonyeza pamoja, basi kigari kinachobeba kichwa kimekwama njiani. Daftari hilo sikumwonyesha mtu. Nilifika, nikatazama taa, nikataja ugonjwa kabla sijafungua skrubu hata moja, na watu wakabaki midomo wazi. Hapo ndipo nilipoonja sifa, na sifa zikanilevya.

Siku moja niliitwa kwenye duka la mabango kule Njoro. Mwenye duka alikuwa mama wa Kichagga, mtu wa usafi wa kupindukia, ambaye printa yake aliifunika kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, kama tulivyofunika redio na televisheni majumbani. Aliyeiendesha mashine alikuwa binti wa Kilema, wa miaka ishirini na kitu, mpole, mwenye mikono iliyojaa madoa ya wino. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, na nyumbani kwao, kwa mama yake na wadogo zake wanaosoma, mshahara wake ndio uliokuwa unawashikilia. Hayo aliniambia mwenye duka, kwa kumsifu.

Jumamosi hiyo wateja walikuwa wamejaa. Nikaiwasha mashine huku nikiongea, maana nikiwa na watazamaji siwezi kunyamaza. Nilipogeuka kutazama taa, nyekundu ilikuwa inakonyeza, peke yake. Kigari hakikusogea, lakini kichwa kikiungua pia kigari hakisogei, kwa hiyo hilo halikunishtua. Binti akanyoosha kidole kwenye zile taa, akaanza kusema kitu. Nikamkata kauli nikamwambia asinifundishe kazi.

Kisha nikachomoa katriji ya wino, nikanusa, nikatikisa kichwa kama daktari. Nikasema wino huu si wa kiwandani, mtu ameuza wino halisi na kujazia takataka, na takataka ndiyo iliyounguza kichwa. Nilikuwa na ushahidi gani? Sikuwa nao. Nilikuwa na ile taa nyekundu na mdomo wangu. Funguo za kabati la wino alikuwa nazo mtu mmoja tu, na duka zima likamgeukia. Mwenye duka akamwambia avue koti la kazi aende zake. Binti alilikunja lile koti, akaliweka juu ya kaunta, akapita katikati ya wateja waliokuwa wakinong'ona neno mwizi. Amemwaga unga mwenyewe, nikajisemea, nikaagiza kichwa kipya Dar es Salaam.

Kichwa kilifika baada ya majuma mawili. Nikakifunga, nikawasha. Taa nyekundu ikakonyeza, peke yake, vilevile kama mwanzo.

Nikazima, nikawasha tena, na safari hii nikanyamaza na kutazama. Mashine ile ikiwashwa, taa zote tatu huwaka pamoja kwa kitambo kidogo, ili kuonyesha kwamba ni nzima. Ikawaka kijani. Ikawaka nyekundu. Njano haikuwaka. Hapo nikakumbuka kile kidole cha binti: alikuwa ananionyesha njano. Yeye aliyekaa na mashine kutwa nzima alijua kwamba taa hiyo imekufa. Nilifungua paneli, nikatoa ile taa mbovu, nikapachika nyingine niliyoing'oa kwenye mashine chakavu. Nilipowasha, nyekundu na njano zikakonyeza pamoja, wazi kabisa, kama nilivyoandika mwenyewe kwenye daftari.

Kigari kilikuwa kimekwama. Nikainamia reli yake na kibano, nikaanza kuvuta uzi mweupe uliojisokota kwenye gurudumu, nikauvuta na kuuvuta. Mwenye duka alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliutambua kabla sijasema lolote, akakaa kwenye stuli, akashika tama. Ulikuwa uzi wa kitambaa chake. Nikakirudisha kile kichwa cha zamani, mashine ikatembea vizuri, nikachapa nacho bango la majaribio, na rangi zake zilikuwa safi. Wino haukuwa na kasoro.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nikapendekeza tumwandikie barua binti arudi kazini. Yule mama akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni, na kweli nilikuwa mgeni. Akasema huku kwetu mtu uliyempaka matope humwandikii barua, unampelekea isale. Ni mmea wa majani marefu ambao Wachagga hupanda kwenye mipaka ya vihamba vyao, yaani mashamba ya nyumbani, na jani lake likifungwa fundo na kupelekwa kwa uliyemkosea, anayelipokea hawezi kukataa kusamehe. Nikauliza nani atalibeba. Akasema yeye atakuja, maana naye ana kosa lake, lakini atakayebeba ni yule aliyelianza neno.

Tukapanda Kilema Jumapili baada ya misa. Jani mwenye duka alilikata kwenye kihamba cha kwao, akalifunga mwenyewe, akaniwekea mkononi. Mama yake binti alitukuta chini ya migomba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaliona jani, akamwita mwanawe bila kutuuliza shida yetu. Nikasema yote: taa iliyokufa, uzi, wino mzuri, mdomo wangu. Sikujitetea. Nikanyoosha jani.

Mama yake akamgusa binti bega. Ndipo akalipokea.

"Nimekusamehe," akasema. "Jani hili silikatai. Lakini msamaha umeupata huku mlimani, na mwizi mliniita mjini. Wadogo zangu wanaulizwa shuleni dada yenu aliiba nini. Huko nani atawaambia?"

Mwenye duka akaanza kusema kwamba kazi yake ipo, na mshahara utaongezwa. Binti akatikisa kichwa. Hakuwa akiongea na yeye, alikuwa akinitazama mimi. Nikaelewa anachotaka, na moyo ukanishuka, kwa sababu wateja wa duka lile ndio walionipa kazi mji mzima. Fundi asiyejua kusoma taa, nani atamfungulia mlango? Nikamwambia aje dukani Jumamosi, nami nitakuwepo.

Jumamosi saa nne duka lilijaa. Binti alikuja na nguo zake za kawaida, akasimama mlangoni, hakuingia. Nikapiga kaunta kwa kiganja mpaka watu wakanyamaza.

"Majuma matatu yaliyopita nilisema hapa kwamba dada huyu ameuza wino," nikasema. "Hakuuza. Mashine ilikuwa na taa mbovu, yeye aliiona, mimi sikuiona. Akataka kuniambia, nikamfunga mdomo. Kama mnamtafuta aliyeharibu kazi humu, ni mimi."

Mzee mmoja akauliza kama basi fundi mwenyewe hajui kazi. Nikamjibu kwamba siku ile sikuijua. Mtu akacheka, wengine wakaanza kunong'ona, na safari hii walikuwa wananinong'ona mimi. Nilitamani kuwajibu. Nikauma ulimi.

Binti akaingia. Akachukua koti lake kwa mwenye duka, akalivaa, akafunga vifungo vyote mpaka cha juu. Akapita karibu yangu bila kunitazama, akamgeukia wa kwanza kwenye foleni na kumuuliza anataka bango la mita ngapi.