Gari Lililouzwa kwa Sikio

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa yadi pale Kinondoni hakunipa hata kiti. Aliniamuru niweke kiganja juu ya boneti ya gari lililokuwa likisubiri mteja. Lilikuwa vuguvugu.

"Binti, nani kaliwasha hili?"

"Mimi, mzee. Nilitaka mteja akija liwake vizuri."

"Basi umeshamfukuza. Gari la kuuza halipashwi moto. Mnunuzi akigusa boneti akaikuta ya moto, anajua kuna ugonjwa unafichwa. Mwache alisikie likiamka baridi."

Ndivyo nilivyoanza udalali wa magari. Nyinyi mnaouza kwa picha za simu chekeni tu, mkimaliza tuendelee.

Baadaye nilihamishiwa Kurasini kukagua magari yanayotoka bandarini. Mkuu wa Ukaguzi alikuwa hajui kusifu mtu, lakini alinifundisha kunusa oili na kufunua kapeti kutafuta kutu. Kisha nikapelekwa gereji ya Temeke kwa Fundi Mkuu, na huko ndiko nilikoyajua magari ya turbo. Turbo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini, nayo huisukumia injini hewa zaidi, gari likapata nguvu za ajabu. Tatizo lake ni joto. Ukitoka mbio ukazima papo hapo, oili inaungulia humo ndani na turbo inakufa kidogo kidogo. Lazima uliache gari lingurume taratibu kwanza, lipoe. Fundi Mkuu alikuita huko kulipumzisha gari, na aliyesahau alitimuliwa gereji huku akitukanwa.

Gari langu la mwisho kuuza lilikuwa la Mwalimu Mapunda wa Bunju, aliyestaafu kufundisha fizikia. Lilikuwa la Kijapani, la bluu, na alikuwa amelibadilisha kwa mikono yake miaka mingi: turbo kubwa zaidi, springi fupi, breki nene, ekzosi pana. Hakuna nati iliyolegea. Ila macho yake yalikuwa yamefika mwisho, anaona vivuli tu.

"Mama Salma, mie naogopa kitu kimoja," aliniambia. "Wasije wakalichinja."

Kuchinja ni kulifungua gari vipande vipande na kuuza spea. Wanawe walikuwa wamechoka na gari lililofunikwa turubai uani, na walishamwambia kwamba asipopatikana mtu wiki ile, wanamwita mchinjaji.

Hata hivyo Mwalimu alishikilia sharti lake. Kila mteja aliendeshe kwa kasi barabara ya Bagamoyo, na akirudi, yeye atakuwa barazani anasikiliza. Atakayezima papo hapo hauziwi. "Na wewe usimdokeze," alisema, nami nikakubali. Wateja wawili walizima papo hapo. Mwalimu aliwaambia gari haliuzwi tena, akaingia ndani.

Wa tatu alikuwa Kelvin, wakala wa forodha, mpole wa kuongea. Nilikaa naye mbele. Tulipoiacha mitaa nyuma alikanyaga mafuta, turbo ikapiga mluzi, mgongo wangu ukagandana na kiti. Nilishika mkanda kwa mikono miwili. Sikuogopa mwendo, niliogopa kurudi. Maneno yalinijaa kinywani: *ukifika usizime*. Nikayameza, nikajiona mjinga, maana wiki ilikuwa inaisha.

Tuliingia uani. Mwalimu alikuwa amekaa wima, kichwa kakiinamisha upande. Kelvin akapeleka mkono kwenye ufunguo. Nikafumba macho.

Simu yake ikaita. Akashuka nayo, akasogea hadi getini akiongea, gari likabaki linanguruma.

Uso wa Mwalimu ukafunguka. "Huyo anajua," alisema. "Mama Salma, huyo ndiye."

Nilitamani sana kunyamaza. Nilimpenda mzee yule, na gari lile nililipenda. Lakini sijawahi kuuza gari lililopashwa moto, na hili lilikuwa limepashwa na simu.

"Mwalimu, hajui. Ameshuka kupokea simu."

Kelvin akarudi, akapitisha mkono dirishani azime.

"Usizime!" Ilikuwa sauti ya darasani. Mkono wa Kelvin ukaganda hewani. Mwalimu akaja akipapasa ukuta, akaweka kiganja juu ya boneti. "Weka mkono wako hapa. Unausikia huo mluzi?"

"Nausikia, Mwalimu. Kama unashuka."

"Bado lina moto. Mluzi ukitulia, ndipo unazima. Ukizima kabla, unaliua."

Kelvin akatutazama kwa zamu. "Heshima zenu wazee, lakini mbona hamkuniambia mapema?"

Mwalimu aligeuza uso kuelekea mlangoni, nikaogopa kwamba ataingia ndani. Kisha akasema polepole, "Nimefundisha miaka yote hiyo, halafu hapa nyumbani nawafelisha watu somo ambalo sijawafundisha." Akamwambia Kelvin aketi kwenye usukani, waanze upya.

Mwezi ule ule nilistaafu. Sasa naishi Ukonga na sina yadi wala mteja. Watu huniuliza kazi ile ilinipa nini. Magari mengi niliyouza siyajui yalikoishia. Lile moja nalijua. Jumapili, Kelvin hunipitia akitoka misa tukaenda nalo Bunju. Akifika uani hagusi ufunguo. Mwalimu hutoka, akaweka kiganja juu ya boneti, akainamisha kichwa, nasi tunangoja mpaka aseme, "Zima."