Nilivyoziba bati kwenye treni ya watoto Katoro mpaka kaka yangu akaruka nje

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa wote humu, shikamooni.

Hii siyo chai. Ghala lipo, treni ipo, na mwenye watoto aliyewahi kupita Katoro pengine ameshawapandisha. Nimebadilisha majina tu.

Mimi ni fundi rangi na mapambo, naishi Nyasubi, Kahama. Majukwaa ya harusi, twiga na simba kwenye kuta za chekechea, ndiyo maisha yangu hayo.

Sasa kuna mama mmoja Katoro ana duka la vifaa vya ujenzi, tumwite Mama Kulwa. Alinunua ghala la zamani la pamba, akataka liwe sehemu ya michezo ya watoto. Bembea, vya kuteleza, na kubwa kuliko vyote, katreni ka betri kanakopita taratibu ndani ya mgodi wa dhahabu wa kuigiza.

Mgodi huo ndio nikapewa mimi.

Kuta nilizipania wakuu. Nilichovya magunia kwenye uji wa saruji, nikayakunjakunja juu ya waya wa kuku, yakikauka napiga rangi. Nikachora mistari ya dhahabu inayopita kwenye mwamba. Watu wazima walikuwa wanakuja kukwangua kwa kucha kuhakikisha.

Juu sikufanya kitu. Juu kulikuwa na bati, kenchi za ghala na taa za tyubu.

Siyo kwamba hatukuongea. Mama Kulwa alitaka dari ya jipsamu yenye taa za rangi. Mnawajua watu wa kwetu, mtu akipata tu kidogo, kitu cha kwanza ni jipsamu sebuleni. Nikamwambia, "Mama, mgodi wenye jipsamu umeuona wapi?" Akacheka, akasema basi tuache hivyo hivyo, watoto hawaangalii juu.

Hapo ndipo tulipokosea. Watoto wa sehemu nyingine labda hawaangalii. Huku kwetu nusu ya wanaume wameshawahi kushuka kwenye duara, yaani shimo la kuchimba dhahabu. Na mtu aliyewahi kushuka, akiingia tu mahali panapofanana na chini, anaangalia juu kwanza. Mgodini ukifika unatazama mwamba wa juu, unaugonga na mtaimbo, unasikiliza. Kama unalia vibaya unatoka. Ukuta huna habari nao.

Kwa hiyo siku ya ufunguzi, akina baba wanaingia na watoto wao, shingo zote juu.

"Fundi, duara gani lina tyubu?"

"Hili ni duara la bati geji ngapi?"

Ghala zima kicheko. Watoto nao wakadaka. Nilikasirika, sitaki kuwadanganya. Magunia yote yale hakuna aliyeyasifia.

Nikarudi nyumbani nikaingia kwenye simu. Kumbe wenzetu huko nje wana mabishano makali juu ya jambo hili hili! Watu wanapanda treni za ndani kwenye viwanja vikubwa vya michezo, kisha wanaandika maelezo marefu kulalamika kwamba dari imeonekana. Wanasema ukiona dari tu, umeshatolewa kwenye dunia uliyolipia kuingia. Nikasema hawa ndio watu wangu.

Sasa nimlete kaka yangu, maana uzi huu ni wake.

Kaka Maduhu ndiye mkubwa wangu. Alichimba miaka mingi, mpaka duara likamwangukia. Wenzake walimtoa hai. Tangu hapo anaendesha bodaboda hapo hapo Katoro, na habari za mgodini hataki kuzisikia. Ukimuuliza anawasha pikipiki anaondoka.

Tatizo ana binti, Kabula, anayesoma darasa la pili. Huyu mtoto maswali yake yote ni ya huko. "Baba, chini kunakuwaje? Baba, ulikuwa unaogopa?" Baba yake anashika ufunguo wa pikipiki. Mtoto alishaanza kuamini kwamba baba yake ana hasira naye.

Ile siku ya ufunguzi walipanda pamoja. Nilikuwa nimesimama pembeni na hasira zangu za bati, nikamsikia kaka anaongea. Anamwonyesha magogo niliyosimamisha ukutani. "Haya tunaita matimba, yanashika mwamba. Hapa mimi ningekuwa nimepiga magoti. Taa iko hapa kwenye paji la uso." Kabula anamkodolea macho. Walizunguka, wakapanda tena, wakapanda tena.

Shemeji yangu, mama yake Kabula, alilia nilipomsimulia. Lakini mimi akili yangu yote ilikuwa kwenye bati.

Nikamshawishi Mama Kulwa, tukafunga treni kwa matengenezo. Nikashusha mwamba wa magunia juu kote, chini kabisa, kiasi kwamba mtu mzima anainama kidogo. Tyubu nikang'oa, nikaweka vitaa hafifu vya njano. Nikaficha spika inayotoa sauti ya maji yanadondoka na kokoto zinateleza.

Wakuu, ilikuwa kazi safi. Mpaka leo nasema ilikuwa kazi safi.

Tulipofungua, wa kwanza kupanda ni Maduhu na Kabula. Niliwaita mwenyewe, nilitaka sifa.

Kaka akaangalia juu kama kawaida yake. Safari hii hakuona bati. Akamshika mtoto kiunoni, treni ikaingia. Walipofika katikati, spika ikatoa kokoto zake.

Nilisikia kishindo tu. Alikuwa ameruka na mtoto kifuani, amepasua ukuta wangu kwa bega, wametokea upande wa bembea. Amelowa jasho, anapiga kelele, "Tokeni! Tokeni wote!"

Watu wakaanza kucheka. Kisha wakamtazama vizuri, wakaacha.

Kabula hakuumia. Alikuwa analia, anamwambia, "Baba, ni magunia. Baba mdogo ameyapaka rangi. Baba, ni magunia."

Kaka alimweka chini, akawasha pikipiki, akaondoka.

Niliumia wakuu. Kwa sababu nilielewa wakati ule ule. Kaka alikuwa anaweza kukaa mle na kumsimulia mwanawe kwa sababu bati lilikuwa linaonekana. Na mimi nikapanda ngazi nikaliziba.

Ikawa kimya tena nyumbani kwake. Shemeji akaniambia mtoto akiuliza hajibiwi kabisa, hata la shuleni.

Nikaenda kijiweni kwake. Nikamwomba radhi. Akaniambia, "Mdogo wangu, kazi yako nzuri. Ndiyo shida yake." Kisha, bila kumuuliza, akasema kule chini alipofukiwa, alikuwa anatafuta mwanga wa mdomo wa duara kwa macho tu. Wenzake walipofukua, kitu cha kwanza yeye kukiona ni bati la kibanda chao huko juu.

Sikulala vizuri. Asubuhi nikaomba bati moja la plastiki linalopitisha mwanga dukani kwa Mama Kulwa, nikalipachika kwenye paa. Nikakata mwamba wangu katikati, pale pale aliporukia, shimo kubwa la mviringo. Sasa treni ikifika pale unaona kenchi, unaona bati, na jua linaingia. Spika ya kokoto nikaitoa.

Kaka alikuja baada ya kubembelezwa sana na Kabula. Walipanda. Chini ya magunia alikuwa amefumba macho, namwona. Walipofika kwenye mwanga, treni nikaisimamisha.

Akafumbua. Akaangalia juu muda mrefu. Akanyoosha kidole.

"Kabula. Hapo ndipo walipomtolea baba yako."

Na akaendelea kusimulia. Sikuyasikiliza mengine, hayakuwa yangu.

Nilichojifunza: kabla hujaziba dari ya mtu, jua anayeingia humo alitoka wapi. Mafundi wenzangu na mliowahi kushuka chini, karibuni mniseme, au msimulie yenu.

Na wale mnaopita Katoro mkaandika kwamba kwenye ule mgodi bati linaonekana, ni kweli. Linaonekana, na sitaliziba.